Mwanika singa aliyeambiwa ameolewa jukwaani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Munira Sufiani anatembea kati ya nyaya za kuanikia katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Korogwe. Begani amebeba furushi la singa, nyuzi mbichi za mkonge, linalochuruzika maji ya kijani. Anachomoa fungu, analitandaza juu ya waya, analinyoosha kwa vidole, kisha analisemesha.

"Bwana mkubwa, nilikuomba ukae kimya mpaka adhuhuri tu. Jua halijatoka, na umeshanieleza una ngamia wangapi!"

Kwenye waya wa pili, Chausiku, mwenzake wa kazi kwa miaka tisa, anacheka bila kugeuka.

"Bi harusi, shemeji kaamkaje?"

"Kaiulize pikipiki yake," anajibu Munira. "Na wewe nyoosha singa zako, zimejikunja."

Munira ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Ni mjane mwenye watoto wawili, na mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Vidole vyake vina nyufa ambazo mafuta ya nazi hayazizibi tena. Kazi ya siku akiimaliza mapema, huwahi kurudi mtaani kwao Masuguru, katika ukumbi ambako yeye na wenzake kumi wanajiandaa kuonyesha mchezo wao Jumamosi hii.

Mchezo huo ni wa kuchekesha na wa mapenzi. Unasimulia habari za mji wa sultani, wenye kuta za mawe, miaka mia saba iliyopita. Binti wa mfanyabiashara ametangaza kwamba ataolewa na mwanamume yeyote atakayeweza kunyamaza kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Matajiri wote, hata yule wa kujisifia ngamia wake, wanashindwa. Anayeshinda ni mwandishi wa sultani, naye ni kwa sababu mafua yamemkausha sauti.

Aliyeutunga ni Mwalimu Agripina, mwenyeji wa milima ya Usambara anayefundisha kisomo cha watu wazima. Munira aliingia darasani kwake miaka miwili iliyopita bila kujua kusoma jina lake. Sehemu ya yule binti alipewa yeye.

"Kurasa ishirini na tatu nilizisoma mwenyewe mpaka mwisho," anasema. "Hakuna aliyenisomea. Usiku wa kwanza niliwaamsha wanangu ili wanisikilize."

Tatizo lilitokana na harusi ya mwisho wa mchezo. Mwalimu Agripina, ambaye ni Mkristo, alitaka ionekane kama harusi ya kweli. Kwenye mazoezi akamwomba Abdi, mwanakikundi aliyesoma madrasa utotoni, aigize kadhi na atamke maneno yote ya ndoa. Mahari yalitajwa. Mashahidi wawili walikuwepo. Jabiri, dereva wa bodaboda anayeigiza yule mwandishi, alijibu kwamba amekubali. Watu wakapiga vigelegele, na mmoja wao akarekodi kwa simu.

Video hiyo ilifika Sindeni, wilayani Handeni, Alhamisi ya wiki iliyopita. Huko anaishi Mhina, kaka mkubwa wa Munira, aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Mkulima huyo alipanda basi siku iliyofuata. Alisimama mlangoni kwa dada yake na kukataa kiti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeolewa lini, na mimi niko shambani napalilia mahindi?"

Munira alidhani anatania. Hakuwa anatania. Katika familia yao wamefundishwa kwamba maneno ya ndoa hayafanyiwi mzaha: yakitamkwa mbele ya mashahidi, yameshika.

"Nilikaa chini palepale," anakumbuka Munira. "Nikajiuliza, sasa mimi ni mke wa Jabiri? Kijana wa miaka ishirini na saba, hata kufunga mkanda wa kofia yake hajui!"

Jabiri naye anakiri kwamba siku hiyo hakufanya kazi. "Abiria wananiita bwana harusi. Mama yangu ananiuliza mkwe anakuja lini. Nilikosa pa kwenda."

Wote walikwenda kwa imamu wa msikiti wa jirani. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia kwamba hakuna ndoa, kwa kuwa walii wa Munira, yaani mwenye haki ya kumwozesha, ni kaka yake, naye hakuwepo wala hakumtuma mtu amwakilishe. Hata hivyo aliwaonya wasiyatamke tena maneno yale kwa mchezo.

Kwa Mhina, onyo hilo lilitosha kumaliza jambo. Alimtaka dada yake aache mchezo kabisa. Kwa huzuni, Mwalimu Agripina alipendekeza sehemu ile apewe Janeth, binti Mkristo wa kikundi hichohicho. Zilibaki siku nane.

"Mwalimu alinionea huruma, lakini mimi sikutaka huruma," anasema Munira. "Nilitaka sehemu yangu. Wala sikutaka kuipata kwa kumkosea kaka. Ndiye baba niliyebaki naye."

Aliomba siku mbili. Siku ya pili, akiwa kwenye nyaya, aliikumbuka harusi yake mwenyewe. Wakati wa ndoa hakuwa mbele ya kadhi. Alikuwa chumbani, amefunikwa kanga, amezungukwa na shangazi zake waliochungulia mlangoni na kumletea habari za wanaume waliokaa ukumbini.

Siku hiyo aliketi na daftari akaandika upya mwisho wa mchezo. Wanaume hawaonekani. Watazamaji wako chumbani na bibi harusi, wakiwasikiliza wanawake wanaogombea tundu la pazia: kadhi ameketi, kadhi amesahau jina la bwana harusi, kadhi anakohoa. Hakuna neno la ndoa linalotamkwa. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kitu cha kwanza alichokitunga maishani mwake.

Kabla ya kumwonyesha mwalimu, alimpigia simu Mhina na kumsomea.

"Huyo kadhi anakohoa mara ngapi?" aliuliza Mhina alipomaliza kusomewa.

"Mara tatu, kaka."

"Chache. Aliyekuozesha wewe alikohoa mpaka tukampa maji ya mtungini."

Munira aliongeza kikohozi, na mwalimu akaukubali mwisho huo mpya. Juzi, Mhina alirudi Korogwe kuangalia mazoezi, na mara hii alikubali kiti. Alisikiliza kikohozi cha Abdi, akatikisa kichwa, akakionyesha mwenyewe. Kikundi kizima kikaanguka kwa kicheko. Jumamosi atakaa nyuma ya pazia.

"Nitakohoa mimi," anasema, uso wake ukiwa hauna tabasamu. "Na nikisikia mtu anaanza kutamka, namtoa nje."

Munira ana mpango mmoja. Mahindi yakishavunwa, anataka mchezo upelekwe Sindeni, ili wanawake wa kule waone jukwaani chumba ambamo wao wenyewe waliwahi kukaa, wamefunikwa kanga, wakisubiri kuambiwa kilichotokea.

"Wifi yangu ameshaomba kiti cha mbele," anasema, akilitandaza fungu la mwisho. "Kaka yeye hataona kitu. Ila watamsikia."