Tulipoilima Njia ya Ziwani

Harufu ya dagaa walioanikwa mchangani ilitufikia tukiwa bado juu mlimani, muda mrefu kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika lenyewe. Ilipanda pamoja na joto kutoka chini, ikatuingia puani sisi watu wa baridi, na hapo ndipo bibi alipozoea kusimama, kuvua sweta lake na kulifunga kiunoni. Nyuma yetu upepo wa Ufipa ulikuwa bado unavuma, ule wa mwezi wa sita unaopasua midomo. Mbele yetu njia ilishuka kati ya mawe na miti ya miombo, ikijipindapinda hadi kwenye mji mdogo uliobanwa kati ya mlima na maji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitoka kwetu Katandala, mjini Sumbawanga, kwa lori lililonishusha Msanzi, kisha nikatembea hadi kwa bibi ukingoni mwa uwanda nikiwa na viatu vya mtumba vilivyonibana, na nilikuwa nimeapa kwamba sitalia. Sikulia. Nalisema hili mapema kwa sababu binamu zangu hadi leo wanasimulia vingine.

Mji ule sasa unatangazwa kuwa mahali pa kupanda mlima, kuogelea na kupiga makasia mwaka mzima. Mwaka mzima! Bibi yangu aliupanda mlima ule masika na kiangazi, ulezi kichwani wakati wa kwenda na samaki wakavu wakati wa kurudi, miguu mitupu, na hakuna aliyempiga picha. Alikuwa anakwenda kumwona mwanawe. Mama mdogo, kitinda mimba wake, aliolewa huko chini na alikuwa akifanya kazi isiyompa likizo, kwa hiyo mama mtu ndiye aliyeshuka. Kwa njia ya mlimani ilikuwa nusu siku. Kwa barabara ilibidi kuzunguka mbali na kungoja lori, na bibi hakuwa mtu wa lori. Alilipanda mara moja tu, akatapika hadi akaishiwa nguvu, akaapa hapandi tena. Njia ile ingefungwa, bibi asingemwona tena mama mdogo. Ndivyo ilivyokuwa, wala sitii chumvi.

Na mwaka ule ikafungwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga yaliyozoea kuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kunukia, vitenge na redio za kaseti, na neno jipya, mwekezaji, lilitamkwa kwa heshima tuliyokuwa tukimwekea padre. Wa kwetu alikuwa bwana mmoja mwenye kofia pana, mgeni wa mkoa, aliyejenga kambi ya vibanda vya nyasi pale pale njia inapofika ufukweni. Alizungushia uzio wa miti, akaweka geti na mlinzi. Wageni wake, Wazungu wengi wao, waliupanda mlima kwa njia ile ile kila asubuhi kwa raha zao. Sisi tuliambiwa tuzungukie barabarani, kwa kuwa mizigo yetu ilinuka. Na mama mdogo, masikini, ndiye aliyekuwa mpishi wa kambi hiyo. Alituma ujumbe kwa mchuuzi wa samaki kwamba bibi amhurumie, mwaka huu asije, kazi ni ngumu kupatikana.

Bibi aliusikiliza ujumbe ule huku akichambua maharage, akauliza kama samaki wamepanda bei, basi. Tatizo ni kwamba mwezi wa sita ndio mwezi wa kulima njia. Kila mwaka, mvua zikishaisha na nyasi zikishafunika mawe, wanawake wa juu walishuka na majembe wakifyeka na kuparua, wanawake wa chini wakapanda wakifanya vivyo hivyo, na walipokutana walikaa wakanywa togwa na kupeana habari za ndoa na misiba. Hakuna ofisi iliyowaagiza. Mwaka ule wanawake wa chini waliogopa geti, hawakupanda. Tulifika mahali pa kukutania, hakuna mtu. Wenzetu kumi na wawili wakamtazama bibi. "Togwa haichachi kwa saa moja," alisema. "Tuendelee kulima." Nikaona wengine wakisitasita, nami nikatangulia na kijembe changu, kwa kiburi tu, nikisikia malengelenge yakipasuka ndani ya viatu.

Tulilima hadi kwenye geti lenyewe. Ng'ambo ya uzio wageni walikuwa wamekaa barazani wakinywa chai, na mlangoni mwa jiko alisimama mama mdogo, mikono kichwani. Mlinzi, kijana wa pale pale mjini, alitusihi, "Shikamoo bibi, mtaniponza." Bibi akaitikia marahaba, akalaza jembe chini, akapiga magoti na kupiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, kama mwanamke wa Kifipa anavyofanya anapowaamkia wenye nyumba. Sote tukafanya vivyo hivyo. Wale wageni walitazamana, wakafikiri ngoma inaanza, wakasimama na kutupigia makofi kwa nguvu zao zote! Mmoja, mnene, mwekundu kwa jua, alipiga hadi kofia ikamdondoka. Bibi hakujua habari za maonyesho. Kwake yeye salamu ilikuwa imeitikiwa, tena vizuri kuliko alivyotarajia. Akainuka, akajikung'uta vumbi. "Baba, fungua," akamwambia mlinzi. "Wenyewe wamekwisha tukaribisha."

Mlinzi alifungua. Mwenye kambi alitoka ofisini mbio, akakuta yule mgeni mwekundu amekwisha omba jembe na anafundishwa kuparua, wenzake wakicheka, kwa hiyo akalazimika kuwachekea wageni huku akitung'ong'a sisi. Ndipo mama mdogo akaja. Alikuwa amekatazwa kupokea ndugu kambini. Alivuka uwanja na aproni yake, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwamkia, kisha akaniondolea jembe mkononi na kulima kutoka getini hadi majini. Sijapata kumwona mtu mzuri kama yeye siku ile.

Wageni walipokwenda kuoga, yule bwana alibadilika, akawa mpole. Alitaka tuje kila Jumamosi, tupige magoti, tupige makofi, tulime kidogo, atatulipa. Bibi alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, njia ikilimwa Jumamosi, Jumamosi nyingine kutakuwa na nini cha kulima?" Akakataa, nasi sote tukakataa. Jioni hiyo mama mdogo alifukuzwa kazi. Alikuja kutuambia nyumbani kwake, tulikofikia, akiwa ameshika sufuria yake tu. Nilidhani bibi atajuta. "Basi leo umepata nafasi ya kukaa na mama yako," alisema, akamsogezea kigoda. Mama mdogo alilia, halafu akaanza kucheka, na kesho yake wanawake wa chini walipanda mlima na majembe bila kuitwa, wakaparua palipobaki. Geti halikufungwa tena mchana.

Ninapoambiwa kwamba watu wa kwetu hatukuthamini mlima mpaka walipokuja wengine kutuonyesha, damu inanichemka. Kambi imebadilisha wenyewe mara kadhaa, sasa ni hoteli ya ghorofa. Bibi amelala ukingoni mwa uwanda. Mwaka jana nilishuka na binti yangu, magoti yakinigomba. Pale getini kijana mwenye sare safi alinipa fomu: jina, ninakotoka, na madhumuni ya safari, niweke alama kwenye kupanda mlima, kuogelea, kuvua samaki au kupiga picha. Nilichukua kalamu, nikaandika kando, kwa herufi kubwa: ninakwenda kumwona mama mdogo. Kijana alisoma, akaniambia kwa adabu kwamba fomu haina kisanduku hicho.

"Kichore," nikamwambia, tukapita.