Matusi ya Msimu wa Maua

Shangazi yangu ameshona nguo za watu miaka arobaini, na cherehani ikamlipa mgongo usiokunjika. Kitu pekee alichowahi kujifanyia mwenyewe ni tuta la maua kando ya uzio: yale ya zambarau yanayonukia kama mnanaa, yanayochanua miezi na miezi, na mwaka ukigeuka yanachipua tena kwenye mashina yale yale. Ukimkosoa nguo atacheka. Uguse maua? Thubutu!

Jirani wa upande wa pili ni mwalimu mkuu mstaafu. Tunamwita Mzee Kengele kwa sababu hukohoa saa kumi na mbili kamili kila asubuhi. Yeye na nyuki wanaofuata maua hayo hawaivi chungu kimoja. Mwaka wa kwanza wa tuta hilo, shangazi kaenda kliniki, mzee akachukua mkasi wa bustani akafyeka tuta zima mpaka chini. Shangazi alilia siku tatu, na mimi nikamsaidia.

Wiki tatu baadaye tuta likachanua upya, zito kuliko mwanzo! Kumbe maua haya yakianza kuchoka yanataka kukatwa. Sasa nani ainame? Mimi ni mvivu, sikatai.

Basi tangu hapo, kila yakianza kunyauka, shangazi huenda kwenye uzio kumtukania mzee suruali yake. "Mwalimu, makalio uliyasahau shuleni? Suruali inayatafuta!" Kesho yake tuta limefyekwa. Miaka sita, dawa ile ile.

Mwaka huu katukana mpaka sauti ikakauka. Mkasi haukuja. Siku ya kumi maua yamelala chini, makavu, na shangazi hali chakula. Ndipo mzee akapiga hodi sebuleni, fimbo mkononi.

"Fundi, nisamehe. Sikati tena."

Shangazi akanywea. "Kwani nimekukosea nini?"

"Magoti yamegoma, mama. Halafu unadhani sijui? Nani anatukana suruali ile ile, mwezi ule ule, kila mwaka? Nilijua tangu mwaka wa pili. Hata nyuki wenyewe nimeshawazoea."

Shangazi alinigeukia mimi, nikatazama dari. Kisha akachukua kigoda chake cha kushonea, kile ambacho hata mimi mwana wa kaka yake sijawahi kuruhusiwa kukikalia, akakiburuta mwenyewe hadi kwenye tuta.

"Njoo, mwalimu."

Mzee alikata akiwa amekaa. Shangazi alisimama nyuma yake akimtukania suruali, taratibu, hadi tuta likaisha.