Udongo Mwekundu kwenye Shati la Mdachi

Watu wa leo husema mpira uliletwa Dodoma na Mwingereza, baada ya vita. Sibishani na waliosoma. Mimi shule niliiona kiangazi kimoja tu, mvua ziliponyesha baba akanitoa nikalime. Lakini mpira niliuona kabla ya Mwingereza, wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, reli ilipofika kwetu Ugogo. Tulikuwa na timu, timu ikawa na mwalimu, na mwalimu akafukuzwa. Ndiyo habari ninayotaka kuieleza, nisipopotea njiani, maana kupotea njiani ndiyo tabia yangu.

Dodoma wakati ule ilikuwa kambi tu. Mahema ya wazungu yalikuwa upande wa juu wenye upepo, vibanda vyetu vya nyasi upande wa chini, katikati kisima. Mimi nilikuwa kibarua wa kuponda kokoto. Mawe ya kwetu mnayajua yalivyo magumu. Unapiga nyundo, jiwe linakucheka, vumbi linakuingia kifuani. Niliwaona wanaume waliokuja na vifua kama ngoma wakarudi makwao wanakohoa kama mbuzi.

Mwalimu wetu wa mpira alikuwa mtu mweusi kama sisi, ila alilelewa Unguja kwenye shule ya wamisheni, na huko ndiko alikojifunza mchezo. Mdachi mkuu wa kambi alipenda vijana wacheze Jumapili, maana anayecheza halewi, na asiyelewa Jumatatu anaamka. Basi akampa mwalimu kazi ya kuisimamia timu, akamtoa kwenye kokoto. Siku za kazi alikaa bandani akigawa sururu na majembe. Bila kazi ile angekufa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, akicheka tu anakohoa, na sote tulijua.

Mlinda lango wetu hakuwa hata kibarua. Alikuwa Mgogo mwenzangu, mchungaji, aliyekuja kambini kuuza maziwa. Ndewe za masikio zilimfika karibu na mabega, na mwili wote kaupaka samli na udongo mwekundu, kama vijana wetu walivyofanya walipotaka kupendeza. Mwalimu alimwona jioni moja amesimama kwenye mlango wa zizi. Ng'ombe wakirudi malishoni, ndama hutaka kuwakimbilia mama zao wanyonye kabla ya kukamuliwa. Lazima mtu asimame mlangoni atanue mikono, na anayejua kazi yake hapitwi na ndama hata mmoja. Mwalimu alimtazama mpaka zizi likafungwa, akasema, "Huyu ndiye wangu wa golini."

Mechi yake ya kwanza ilikuwa aibu. Tulicheza na mafundi wa daraja waliopiga kambi upande wa Mpwapwa. Tulikuwa sare. Mpira ukaja unabiringika polepole, kijana wetu akauokota vizuri kabisa. Nyuma yake akaja fundi mmoja, amekimbia mpaka ulimi nje. Kijana akamtazama, akamhurumia, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili. Fundi akaupiga golini.

Tulipomzonga alishangaa. "Si alikuwa anaukimbiza? Mnyama wa mtu akikimbilia zizini kwako, mwenyewe akaja nyuma anahema, utamnyima?"

Sisi Wagogo tulimwelewa. Wengine walimdhihaki kwa kulia kama ng'ombe mpaka jua likazama. Tulifungwa. Mwalimu hakumtoa. Alimweleza mara moja tu, "Hapa ndama wote ni wako," na kosa lile halikurudi tena.

Halafu tukacheza na wazungu wenyewe, Wadachi na Wagiriki wa reli, na mkuu wa kambi akacheza. Alivaa shati jeupe kama maziwa ya asubuhi. Hakuna aliyetuambia, lakini kila mtu alijua: mzungu akija na mpira, unampisha kidogo, unajifanya umeteleza. Mwalimu hakusema tupishe wala tusipishe. Alisema, "Chezeni," akakaa.

Mkuu akaja na mpira mpaka golini. Kijana wetu hakujua habari ya kupisha. Akatoka, akaukumbatia mpira pamoja na tumbo la mkuu, wakaenda chini wote wawili. Mkuu alipoinuka, kifua chote chekundu, na kiganja cha Mgogo kimechorwa begani, vidole vitano. Mpishi wake, mtu wa pwani aliyekuwa karibu yangu, akanong'ona, "Mama yangu, nitalifua mimi hilo."

Mkuu akamwita kijana nyani. Alilisema kwa Kiswahili, ili tusikose. Mchezo ukaendelea, tukashinda moja bila.

Kesho yake mwalimu akaondolewa. Karani akatangaza kisimani kwamba sababu ni kufungwa na mafundi wa daraja. Tulimsikia, tukatazamana. Mechi ile ilikuwa imepita zamani, mvua zimekuja na kwisha katikati.

Jioni hiyo tulikusanyika kwa Mrangi mmoja aliyeuza tumbaku karibu na kisima, mtu mpole wa kutoka Kondoa. Hapo ndipo mpira ulipochezwa kweli, kwa mdomo.

"Kufungwa ni kufungwa," alisema mpishi. "Mwalimu gani anamweka golini mshenzi asiyejua mpira ni wa nani?"

"Mshenzi nani, wewe?" akadakia Mnyamwezi mmoja, mpagazi wa zamani. "Jana aliyeshinda ni nani? Kama ni kufungwa, angefukuzwa siku ile ile. Wamelifukua kosa lililooza, kama fisi."

"Kijana alimgusa bwana mkubwa. Angeoga kwanza, akavaa kanzu, yasingetokea."

"Kumbe tatizo ni sabuni! Mgiriki alimkanyaga kijana mguu mpaka damu. Yule naye alioga?"

Watu wakacheka. Mpishi akaona amebanwa, akamgeukia Mnyamwezi. "Wewe mwenyewe kila siku unamwita mla mlenda, unamvuta masikio. Leo umekuwa wakili wake?"

Mnyamwezi na sisi Wagogo ni watani. Alipofiwa na mke pale kambini, ni Wagogo waliomchimbia kaburi, huku wakimtukana kwamba amemuua mkewe kwa njaa, naye akacheka na machozi yanamtoka. Ndivyo utani ulivyo.

"Mimi nikimwita mla mlenda," Mnyamwezi alimjibu mpishi, "yeye ananiita punda wa pembe za ndovu. Na nikifa, atanizika. Haya, bwana, nenda kamwambie mkuu wako yeye naye ni nyani. Ukirudi na ngozi mgongoni, nitakubali kwamba alitania."

Mpishi hakwenda. Mrangi akatugawia tumbaku bure, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Katikati ya wiki karani akaleta neno jingine. Mwalimu angerudishiwa timu na banda lake la sururu. Sharti moja: Jumapili, mbele ya watu, aseme mwenyewe kwamba aliondolewa kwa sababu ya kufungwa, na kwamba golini ataweka mtu mwingine. Basi. Maneno ya pumzi moja.

Tukabishana upya. Safari hii mimi nilikuwa upande wa mpishi, wala sioni haya kulisema. Nilimwambia mwalimu, "Kaka, sema tu. Maneno hayang'oi jino. Wewe kokoto huiwezi." Hata kijana wa maziwa alikuja, akasalimia "Mbukwenyi," akasema yeye ana ng'ombe wake, mpira si chakula, mtu asijiponze kwa ajili yake. Mwalimu alitusikiliza, akatushukuru mmoja mmoja.

Jumapili mkuu alikuja na shati jipya. Karani akamwita mwalimu mbele. Alisimama akiwa ameshika kofia, akakohoa, tukangoja kikohozi kiishe. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi:

"Nilifungwa, nikaachwa kazini. Nimeshinda, nimeondolewa. Na golini ningemweka yule yule."

Akavaa kofia, akarudi kukaa kati yetu. Viboko tulivitegemea, havikuja. Sijui kwa nini. Pengine mkuu hakutaka kuulizwa anamchapa kwa kosa gani. Timu ikapewa mtu mwingine, golini akawekwa kijana wa pwani. Mchezo ulipoanza akafungwa goli la kwanza, watu wakaanza kumzomea. Mwalimu akageuka. "Mwacheni. Amesimama alipowekwa. Mnazomea mguu, na kichwa kilichoutuma?"

Asubuhi ya Jumatatu alikuja kwenye mawe. Nikamsogezea nafasi upande usiopigwa na vumbi, Mnyamwezi akampa nyundo nyepesi. Kijana wa maziwa alipita akamwachia kibuyu, akakataa kulipwa, akatukanwa na mtani wake kama kawaida. Mwalimu akapiga jiwe, halikuvunjika. Akapiga tena. Halafu akaniuliza kama niliona goli la pili la jana, maana yeye alidhani beki ndiye mwenye kosa, si mlinda lango. Nikasema hapana, ni mlinda lango. Akasema sijui mpira. Tukabishana hivyo, nyundo zikilia, mpaka nyapara akatupigia kelele.