Injini ya Mjerumani Isiyozimika

Naikumbuka siku moja, mjukuu wangu, masikio yangu yalivimba yakawa mapana kama ungo, kuku angeweza kuatamia humo. Enzi za Mwingereza hizo. Karibu na stesheni ya Tabora palikuwa na banda la mashine kuukuu alizoziacha Mjerumani, na Jumapili watu tuliruhusiwa kwenda kutazama.

Wakati huo nilikuwa naposa Sikonge. Baba wa binti, mzee mrina asali, mkimya kama gogo, akaja mjini kunipima. Nikampeleka bandani, aone anapata mkwe wa kisasa.

Basi nikasema, we. Mdomo hauna breki. Gari lenye magurudumu ya mbao nikadai nimelisukuma peke yangu hadi Bukene. Ndege ya kitambaa, imebaki bawa moja, nikamwambia inaruka hivyo hivyo, kiupandeupande. Mzee anaitikia tu, "Ehee."

Tukafika kwenye mashine ya mvuke, pipa lake kubwa kuliko nyumba ya chifu. Mzee akatega sikio.

"Kijana, mbona humu ndani kunavuma?"

"Injini hiyo, baba. Ya Mjerumani haizimiki, tangu vita iko hai."

"Una hakika?"

"Baba, mimi na injini tumenyonya ziwa moja."

Nikalipiga pipa kofi, kama mtu na ng'ombe wake. Wakatoka nyuki, mwanangu, jua likafichika. Kwetu mkwe humpiti mbele hata njiani. Mimi nilimruka kama kisiki. Nilikimbia mpaka Kitete, gari moshi nikaliacha nyuma.

Akaja kunikuta nimejikunyata ukutani. Yeye alisimama tuli, hawakumgusa. Akaanza kuning'oa miiba kwa ukucha, taratibu.

"Nyuki niliwajua tangu mlangoni," akasema. "Nilitaka kusikia kama unaweza kusema hujui. Binti yangu akiugua kwako, nikiuliza hali, si utaniambia anacheza ngoma? Posa yako naiweka kando kwanza."

"Mpaka lini, baba?"

"Sijui," akajibu.

Msimu wa asali ulipita ndipo nikathubutu kwenda Sikonge. Nikaulizwa mengi, na mengi nikajibu sijui. Ndipo nikapewa bibi yako.

Heri kujikwaa kidole, mwanangu, kuliko kujikwaa ulimi. Usilolijua sema hulijui, kisha uliza. Kuuliza si ujinga. Anayekupa mtu wake hatafuti bingwa, anatafuta wa kumwamini. Mungu akupe neno la kweli kinywani, na kila mlango utakaobisha hodi uitikiwe karibu.