Ng'ombe Wanne wa Antipasi na Gari la Viti Viwili

Jua la Jumapili limeshaanza kuchoma mgongo, na upepo wa Singida unapeperusha vumbi kutoka sokoni hadi ukingo wa Ziwa Kindai. Antipasi Mughwai amepiga magoti kando ya gari lake, grisi imemfika viwikoni. Anafungua plagi, anaikwangua kwa kisu, anaipuliza, anairudisha mahali pake. Kisha anazungusha hendeli ya kuwashia. Gari linakohoa, linatikisika, linanyamaza.

"Limeamka vibaya leo," anasema bila kumtazama mtu. "Lina umri. Tulipe muda."

Waumini wanaotoka kanisani wanapita njiani. Wanamsalimu huku wakitembea. Hakuna anayesimama.

Gari lenyewe ni dogo, la kijani kilichopauka, refu mbele na fupi nyuma. Halina paa. Lilitengenezwa Uingereza mwaka 1932 kwa ajili ya mbio, na lina viti viwili tu. Kwa kadiri watu wa hapa wanavyokumbuka, Antipasi ndiye Mnyaturu wa kwanza kununua gari lisiloweza kubeba hata gunia moja la mtama.

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni mzaliwa wa kijiji cha Sepuka na fundi katika gereji moja karibu na soko, anakopata shilingi mia na ishirini kwa mwezi. Anaishi peke yake katika chumba kimoja. Anajipikia mwenyewe, na akila huacha mlango wazi ili asikie watu wakipita.

Hakuwa hivyo zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa na mke, Anastazia, binti wa Ilongero, mcheshi, ambaye sauti yake ilitangulia kuingia nyumbani kabla yake mwenyewe. Antipasi alipochukuliwa kwenda Bama, huko Asia, kuendesha malori ya jeshi, Anastazia alibaki na mimba. Yeye na mtoto walifariki siku ile ile ya kujifungua. Habari zilimfikia mumewe zikiwa zimechelewa kwa miezi mingi.

"Nilipokuwa nahesabu kwamba mtoto ameanza kutambaa," anasema, "kumbe walikuwa wameshazikwa."

Aliporudi, ndugu zake walimtengea ng'ombe wanne katika zizi la baba yao, awe na mahari ya kuoa tena. Mwaka ukapita, na mwingine. Kaka yake mkubwa, Yeremia, alimtajia binti huyu na yule. Antipasi alisikiliza kwa heshima, akarudi mjini. Ng'ombe waliendelea kula majani kule Sepuka, na kila mtu alijua ni ng'ombe wa nini.

Mwaka jana, mhandisi mmoja mzee wa barabara, Mwingereza ambaye watu walimwita Bwana Miwani, alistaafu akaanza kuuza vitu vyake ili arudi kwao. Wafanyabiashara wa mjini waligombea jokofu na vitanda. Gari la kijani, lililolala miaka mingi chini ya turubai, hakuna aliyeliulizia.

Antipasi alilijua gari hilo. Ujanani ndiye aliyelitengeneza, na kila baada ya kulitengeneza alitakiwa kulijaribu kwenye barabara ya Manyoni. Alikwenda kwa Bwana Miwani, akavua kofia.

"Shikamoo, bwana. Nimekuja kwa ajili ya gari."

"Marahaba. Kulisafisha?"

"Kulinunua."

Mzee alicheka, kisha alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Antipasi, gari hili halibebi mzigo. Halibebi hata tenga la kuku."

"Najua, bwana."

"Halijawaka tangu vita. Barabara za huku zitalivunja."

"Likivunjika nitalitengeneza. Nani mwingine alilitengeneza?"

Bwana Miwani alivua miwani yake akaifuta muda mrefu. Naye hakuwa na mke wala mtoto, na nyumba yake ilikuwa imebaki masanduku matupu. Akataja bei ndogo kuliko Antipasi alivyotegemea. Bei hiyo ilikuwa sawasawa na ng'ombe wanne mnadani. Antipasi akatuma mtu Sepuka awachukue wale wanne, wakauzwa.

Wiki nzima Antipasi alilala chini ya gari lile. Lilipowaka, moshi ulitanda uwanja mzima, na Bwana Miwani akatoka nje na kikombe cha chai mkononi. Alilizunguka, kisha akaenda upande wa abiria, akafungua mlango, akaketi. Antipasi hakuelewa.

"Endesha," mzee akasema. "Gari ni lako."

Walikwenda hadi Ziwa Singidani wakarudi. Siku ya pili mzee alipanda basi kwenda Manyoni kutafuta treni, na Antipasi hajasikia habari zake tena.

Kazi ngumu ilikuwa kwenda Sepuka. Alidhani watu wakiliona gari lenyewe watalainika. Alilipaka nta mpaka likang'aa, akavaa shati jeupe. Njia ya mchanga ilimsumbua, akashuka mara kwa mara kusukuma mwenyewe, akafika ameloa jasho. Watoto walikuja mbio wakipiga vigelegele. Watu wazima walibaki ndani.

Yeremia alitoka mwisho. Alisimama mbali kidogo na gari kana kwamba ni mnyama asiyemfahamu.

"Shikamoo, kaka."

Yeremia hakuitikia. "Wale ng'ombe walikuwa wa kukuolea mke, Antipasi. Hawakuwa wako peke yako. Baba alikufa akiwaangalia."

"Nalijua hilo, kaka."

"Basi lilale kwenye zizi hilo gari lako, tuone kama litazaa."

Watu wakacheka. Mke wa Yeremia, Marietha, ambaye zamani hakumruhusu shemeji yake kuondoka bila kula, aliwaita watoto waingie ndani. Antipasi akaligeuza gari na kuondoka. Tangu siku hiyo wanamwita mume wa gari. Ndugu wa Sepuka wakija mjini kuuza alizeti, hupita gereji kwa upande wa pili wa barabara.

"Kazini nina kelele za kutosha," anasema. "Jumapili ndiyo ndefu. Nalisafisha gari hata kama ni safi."

Mtu wa kwanza wa ukoo wake kupanda gari hilo alikuwa mama yake, Bibi Klara, ambaye haoni tena. Ilikuwa mwezi wa Mei, mtama ukiwa umeshavunwa. Alipata habari kwamba dada yake wa Ilongero ni mgonjwa, akaagiza mtu amwambie Antipasi aje na hicho alichokinunua.

Antipasi alimkuta mama ameketi nje na fimbo yake, amejifunga khanga mpya. Yeremia alikuwa shambani, au alijifanya yuko shambani. Bibi Klara alilipapasa gari kuanzia taa hadi nyuma, polepole, kama anayempapasa ndama.

"Kumbe ni baridi," akasema. "Nilidhani litakuwa moto, jinsi linavyowagombanisha watu."

Njiani upepo ulimvua kitambaa cha kichwa. Antipasi alitaka kusimama akiokote, mama akamkataza. Alikuwa anacheka. Walipopita mjini na kushika njia ya Ilongero, alimuuliza kwa Kinyaturu swali ambalo wengine wote hawakumuuliza: kwa nini hili, na si lori?

Antipasi alimwambia. Siku moja, miaka ile ya kabla ya vita, akilijaribu gari, alimkuta Anastazia kando ya barabara akitoka kisimani na ndoo kichwani. Anastazia alisimama katikati ya njia akamzuia. "Utanipandisha lini?" akamuuliza kwa mzaha. Antipasi akajibu kwamba gari si lake, akamzunguka akaenda zake. Kwenye kioo alimwona akimpungia mkono.

Bibi Klara alinyoosha mkono akatafuta bega la mwanawe, akalishika hadi Ilongero.

Dada yake alikuwa hai bado. Wakongwe hao wawili walishinda wamelala kitanda kimoja wakizungumza, na jioni Antipasi akamrudisha mama Sepuka. Yeremia alikuwa mlangoni. Alimpokea mama, akamsaidia kushuka, akaangalia magurudumu. "Yamejaa mchanga," akasema, akaingia ndani. Ni maneno mawili tu, lakini Antipasi huyarudia kama mtu aliyepewa zawadi.

Sasa plagi ya mwisho imerudi mahali pake. Antipasi anajifuta mikono kwa kitambaa, anazungusha hendeli tena, na safari hii gari linanguruma sawasawa. Anasema hana mpango wa kuoa, wala hataliuza gari hata apewe ng'ombe kumi. Anachopanga ni kwenda Sepuka kabla mvua hazijaanza, akae siku mbili.

"Msamaha sitaomba, maana ng'ombe wameshaondoka," anasema. "Nitamsalimu kaka, nitakaa nje pale, nitangoja. Siku akiniuliza gari hili linakwendaje, nitafungua boneti nimwonyeshe kitu kimoja kimoja. Hata ikichukua mchana kutwa. Mimi nataka aniulize tu."