Vyumba Viwili vya Bi Pasi

Hospitalini walimwita Bi Pasi, na jina lilimganda hata wauguzi wapya wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa katika chumba cha kufulia, nyuma ya jiko la wagonjwa, akifua na kunyoosha mashuka, makoti ya madaktari na mapazia ya wodini. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Na doa halikuweza kumdanganya. Alilitazama, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha, kisha akatoa hukumu: "Hii chai. Hii kutu. Hii dawa ya kikohozi, na aliyeimwaga alikuwa anagombana na mtu."

Lakini huyo aliyetandika kitambaa safi chini ya migongo ya watu wasiohesabika hakuwahi kuwa na kitanda chake mwenyewe. Usichanani alilala na shangazi yake. Akaolewa, akaishi kwa mama mkwe. Ndoa ilipovunjika, mdogo wake wa kike alimpokea na kumpa chumba cha uani, na humo akakaa miaka kumi na saba. Aliwalea watoto watatu wa mdogo wake, wakamwita Mama Mkubwa, wakakua, wakaenda zao. Kitanda kilikuwa cha mdogo wake, vikombe vya mdogo wake, na pazia lilishonwa kwa kitambaa kilichobaki baada ya kupamba sebule ya mdogo wake. Hakunyanyaswa hata siku moja. Ni kwamba hakuwahi kuulizwa anapenda rangi gani.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili aliposikia kazini kuna vyumba viwili vinapangishwa nyuma ya kiwanda cha mkate. Akaenda kuviona baada ya zamu. Sakafu ya saruji, ukuta uliobanduka rangi, dirisha kubwa linalopata jua la asubuhi, na mlango mwembamba kama wa stoo. Alisimama katikati ya chumba kitupu akapiga kofi moja, akasikiliza mwangwi wake. Akakata shauri palepale.

Mdogo wake hakufurahi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu aliyezoea wengine kukaa pale anapowaambia wakae.

"Dada, watu watasema nimekufukuza."

"Waambie nimetoroka."

"Na utalalia nini? Utakalia nini? Hata kijiko huna!"

"Kijiko ninacho," alisema Bi Pasi. "Nilikinunua jana."

Alihamia na godoro, sanduku la nguo na hicho kijiko. Mshahara wake haukuwa wa kuingia dukani na kuonyesha kidole, kwa hiyo kila Jumamosi alienda kwenye soko la vitu vilivyotumika. Pale alikuwapo muuza samani mmoja kikongwe aliyeitwa Misumari, kwa kuwa mdomoni hakukosa misumari miwili mitatu, na alizungumza nayo humohumo.

Siku ya kwanza Bi Pasi aliokota kitambaa cha meza chini ya rundo. Kilidariziwa kwa mkono, maua ya buluu pembe zote nne, lakini katikati kilikuwa na doa la kahawia kubwa kama sahani.

"Hicho mama chukua cha kupigia deki," Misumari alisema.

Bi Pasi alikinusa. "Nipe kwa bei ya deki basi."

Ilikuwa kutu. Alikikamulia malimao, akakinyunyizia chumvi, akakianika juani siku mbili. Jumamosi iliyofuata alimpelekea Misumari akione. Mzee alitoa misumari yote mdomoni, jambo ambalo jirani zake wa soko walisema hawakuwahi kuliona.

"Mama, ungeniambia ile siri yako, ningekiuza kwa bei mara kumi!"

"Ndiyo maana sikukuambia."

Tangu hapo wakawa chanda na pete, japo wakipatana bei utadhani watashikana mashati. Alichokitupa mwingine kwa sababu ya doa, yeye alikichukua. Alipata pazia zito la mahameli jekundu, limejaa nta ya mishumaa; akaweka karatasi juu yake, akapitisha pasi ya moto kiasi, karatasi ikanywa nta yote. Alipata viti vinne ambavyo havikuwa na undugu wowote, kimoja kirefu, kimoja kifupi, kimoja chenye mgongo wa duara, kimoja kilichokatika mguu na kuungwa. Akavishonea vyote vikalio kutokana na lile pazia, na ghafla vikafanana kama watoto wa mama mmoja. Kabati lilikuwa limepoteza mlango, akalitundikia kitambaa. Kioo kilikuwa na madoadoa ya uzee ambayo hata yeye hakuyaweza, akakiweka kuelekea dirishani, na asubuhi chumba kikapata mwanga maradufu.

Si kila kitu kilimwendea vizuri. Kuna kiti cha kuegemea alichokipenda mpaka akakibeba kichwani mwenyewe, na usiku wa kwanza kunguni walimtafuna hadi shingoni. Asubuhi alikitoa nje, akakivua kitambaa chote, akazimwagia mbao maji yanayochemka, sufuria baada ya sufuria. Mwenye nyumba alipita akamwuliza kama anapika supu ya kiti. Bi Pasi alikaribia kulia. Akajikaza kisabuni, akarudia tena siku ya pili na ya tatu, na kile kiti kikapona.

Miezi minne ikapita bila mdogo wake kukanyaga pale. Mara ana mitihani, mara ana kikao. Kumbe alikuwa anapanga jambo. Jumapili moja asubuhi honi ililia nje, na Bi Pasi akatoka akamkuta Mwalimu amesimama karibu na pikapu, na juu ya pikapu kochi jipya la watu watatu, rangi ya maziwa, bado limevikwa nailoni.

"Zawadi," Mwalimu alisema. "Usiniambie neno."

Dereva na mpakizi walilishusha, wakalielekeza mlangoni. Halikuingia. Wakalilaza ubavu, halikuingia. Wakafungua miguu yake, wakalisimamisha wima kama mtu anayepimwa urefu, likaingia nusu na kukwama. Kwa dakika ishirini hakuna aliyeweza kutoka wala kuingia. Bi Pasi alikuwa ndani na wengine nje, na mdogo wake akitoa amri kupitia upenyo wa juu.

"Sukuma, dada!"

"Nikisukuma linarudi kwenu!"

"Basi vuta!"

Mwishowe lilichomoka kwa kishindo likampeleka mpakizi chini. Walicheka wote, isipokuwa Mwalimu. Yeye aliketi juu ya lile kochi, palepale nje, kwenye nailoni, machozi yakamtoka.

Bi Pasi alikaa karibu naye. "Wewe nawe. Unalilia kochi?"

"Nakulilia wewe. Miaka yote ile nilikuweka kile chumba cha uani, chenye lile dirisha dogo. Ukanilelea wanangu. Sasa umeondoka, unakalia vitu vya jalalani, na mimi hata kochi siwezi kukupa."

Bi Pasi alimfuta machozi kwa kiganja.

"Sikiliza mdogo wangu. Kwako sikukosa kitu. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kuchagua hata kikombe. Kila nilichotumia kilikuwa kimeshachaguliwa na mtu. Sikuondoka kwa sababu ya dirisha. Nilitaka kuchagua." Akamvuta mkono. "Hebu njoo uone kwanza, ndipo ulie."

Mwalimu aliingia. Jua lilikuwa limepiga kwenye kioo na kuangukia kitambaa cha maua ya buluu. Alizunguka chumba, akigusa vikalio vyekundu kimoja kimoja kama anayekagua madaftari. Kisha akaketi kwenye kiti cha kuegemea, akavua viatu bila kuambiwa.

"Hiki nacho umekitoa wapi?"

Bi Pasi alifikiria kunguni, akaona hiyo habari isubiri siku nyingine. "Sokoni."

"Kinakaliwa vizuri kuliko changu."

Kochi lilirudi na pikapu. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alijitokeza asubuhi na mapema akiwa na viatu vya visigino, tayari kwenda sokoni. Alimwuliza Misumari maswali mengi mpaka mzee akaanza kujibu "Ndiyo, Mwalimu" kama mtoto wa darasa la tatu. Na katika vitu vyote vilivyotandazwa pale, Mwalimu alimpenda jogoo mmoja wa udongo, wa kijani kibichi cha kutisha, mdomo umemeguka, jicho moja kubwa kuliko jingine.

"Huyu ni wako, dada. Nimemchagua mimi mwenyewe."

Bi Pasi alimtazama jogoo. Jogoo akamtazama. Hakuwahi kuona kitu kibaya namna ile katika soko lile, na alikuwa ameona vingi. Lakini mdogo wake alikuwa amemkumbatia kifuani kama mtoto, uso unang'aa.

"Ana sura ya mkaguzi wa shule," Bi Pasi alisema hatimaye.

"Ndiyo maana nimempenda!"

Walipofika nyumbani walimweka juu ya kabati. Mwalimu akasema pale hapati mwanga. Wakamhamishia dirishani, Bi Pasi akasema atawatisha wapita njia. Wakamjaribu mezani, wakamrudisha kabatini, wakamgeuza ubavu, huku wakibishana kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta, na chai waliyokuwa wamemimina ikapoa ikisubiri wakubaliane.