Karatasi ya Mrefu Bado Iko Kwangu

Admin, ficha jina langu na mahali ninapofanya kazi. Kitengela imekuwa mji mkubwa, lakini bado tunajuana.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na nne, nimeoa, nina watoto wawili, nauza vifaa vya ujenzi. Kisa changu kinahusu mchezo. Najua kuna watakaocheka. Someni kwanza mpaka mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa vijana watano. Jumapili baada ya kanisa tulikutana nyuma ya duka la mama yangu, tukacheza mchezo ambao binamu yangu Wanza alikuja nao kutoka chuo, kwenye kitabu cha fotokopi. Kila mchezaji anabuni mtu wake, anaandika nguvu na uhai wake kwenye karatasi, kisha anasema mtu huyo anafanya nini. Mmoja, ambaye tulimwita masta, anasimulia dunia yote na kupanga mapigano. Dadu ndizo zinazoamua. Uhai ukifika sufuri, mtu wako amekufa.

Wanza alikuwa masta mwaka mzima, akachoka, akaniachia mimi.

Rafiki yangu Mmaasai wa tangu darasa la tano, nitamwita Lemayian, alikuwa na mtu mmoja tu tangu tuanze. Pale pa kuandika jina hakuwahi kuandika kitu. Kwa vile alimfanya mrefu kutuzidi wote, tukamwita Mrefu. Nilidhani ni uvivu. Niligundua jambo lingine pia: kila tulipofika kwenye maji, Mrefu alizunguka. Hata kama kuzunguka ni safari ya siku mbili, alizunguka.

Masta mgeni huwa anatafuta sifa. Nilitaka pigano la kwanza nililopanga likumbukwe, nikaona udhaifu wa Mrefu ndio mahali pa kugusa. Wiki nzima nilichora ramani nyuma ya kalenda. Wezi wanane wa ng'ombe, mto uliofurika, ng'ombe wa kijiji wako katikati ya maji. Kila njia ya kuzunguka niliiziba kwa mawe na miiba. Niliona nimefanya kazi safi.

Siku hiyo walikuja wachezaji wawili tu, Wanza na Lemayian. Wale wengine wawili ni ndugu, na walikuwa wamepelekwa Murang'a kwa ruracio, sherehe ya mahari ya dada yao.

Wanza alihesabu vijiti vya wezi nilivyopanga kwenye ramani. "Masta, hawa wezi wanane ulipangia watu wanne. Leo tuko wawili. Si upunguze?"

"Nishawaandika," nikasema. "Ama mnaogopa?"

"Si kuogopa. Wanane wakipiga kila raundi, sisi tunapiga saa ngapi?"

Alikuwa sahihi. Raundi ya tatu mtu wa Wanza alikuwa chini. Mtu wa Lemayian alikuwa amebaki na uhai wa alama nne.

"Kuna daraja?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Naweza kurudi nyuma?"

"Nyuma maji imefunga. Ni kuvuka na ng'ombe ama kukufa hapo."

Alikaa na dadu mkononi muda mrefu. Nikamwambia, "Tupa basi, mzee, chai inapoa." Akatupa. Ikatoka mbili, nayo haikutosha kuvuka.

Nilisimulia vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisema shuka la Mrefu lilionekana mara moja, likazama, na ng'ombe wakatokea ng'ambo bila mtu. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaandika sufuri kwenye karatasi yake. "Sasa tuambie jina lake tumzike. Alikuwa anaitwa nani huyu?"

Lemayian akasema, "Kwetu aliyekufa hatajwi." Akarudisha dadu kwenye kikombe, moja moja, akasimama.

"Ni karatasi tu, bana!" nilimwambia akiwa mlangoni. Akatoka.

Baada ya wiki tatu Wanza alinieleza. Alikuwa ameulizia kwa jirani wa kina Lemayian. Kaka mkubwa wa Lemayian, mtu mrefu, alichukuliwa na mto pale chini ya Isinya akivusha ng'ombe wakati wa zile mvua kubwa za miaka ya tisini. Lemayian alikuwa amesimama ukingoni. Tangu siku hiyo jina lile halijatamkwa nyumbani kwao. Tumesoma pamoja miaka yote hiyo na sikuwahi kuuliza.

Nilienda kwao mara mbili. Mara ya kwanza mama yake alinipa chai na kusema kijana yuko na ng'ombe. Mara ya pili nilimkuta. Nilisema, "Nisamehe kwa sababu ya..." nikakwama, maana kumalizia ni kumtaja. Akainua mkono ninyamaze. Mchezo ulikufa hapo. Sijawahi kuwa masta tena.

Mwezi uliopita tulikutana Bisil, sokoni. Nilimsalimia kwa Kimaasai, "Supa," akajibu "Ipa." Akaniuliza habari ya mvua upande wa Kitengela na kama watoto wako shule. Kisha akaendelea kuangalia meno ya kondoo aliokuwa akiuza. Alinisalimia kama anavyosalimia mnunuzi yeyote.

Karatasi aliiacha mezani siku ile. Iko kwenye droo yangu. Pale pa uhai amefuta na kuandika upya mara nyingi hadi karatasi imekuwa nyembamba, na juu yake iko sufuri yangu nyekundu. Mke wangu anasema nichome. Wanza anasema nirudishe. Nikichoma, nitakuwa nimemuua mara ya pili. Nikirudisha, nampelekea marehemu mlangoni, kwa mwandiko wangu.

Hasa nyinyi mliolelewa na mila hiyo ya kutomtaja marehemu, nawauliza kwa heshima: nifanye nini na karatasi hii? Na mtu ambaye hata kumwomba msamaha ni kumkosea, anaombwaje?